Kishimo, Kitundu au Kibonyo? Uhakiki wa Istilahi za Mpira wa Gofu

Mpira wa gofu una alama ndogo za mviringo zilizoingia ndani kidogo, nazo zimeuenea uso wake wote. Alama hizo hazijapata jina moja katika Kiswahili. Mwandishi mmoja wa michezo huziita vishimo, mwingine vitundu, wa tatu vidimbwi; na mfasiri aliyebanwa na wakati huandika madoa, akaendelea na kazi yake. Makala haya yanakusudia kuyapima majina hayo, si kwa mizani ya utamu wa neno masikioni, bali kwa mizani ya kazi ifanywayo na kitu chenyewe.

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba gofu ni mchezo wa watu wachache, na kwamba Baraza lina mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Hatukubaliani nao. Kitu hiki kidogo humfikia mwalimu wa fizikia anayefundisha mwendo wa hewa, humfikia afisa anayekagua maelezo ya bidhaa, tena humfikia mfasiri wa kanuni za mchezo. Na wote watatu waweza kupotoshwa na neno moja lililochaguliwa vibaya. Mbele ya makala haya tutaeleza habari ya mpira mmoja uliozusha kesi ya miaka mingi huko Marekani, na msomaji ataona kwamba kesi ile haiwezi hata kusimuliwa sawasawa kwa Kiswahili ikiwa istilahi zake zimechanganywa.

Tuanze na kishimo, maana ndilo neno lenye wafuasi wengi. Ubaya wake wa kwanza ni kwamba katika gofu nafasi ya shimo imekwisha kuchukuliwa. Shimo ndicho kikomo cha safari ya mpira. Kiwanja kamili kina mashimo 18, na mapigo ya mchezaji huhesabiwa shimo kwa shimo. Magazeti ya Kenya na Tanzania yamekuwa yakiandika hivyo kwa miaka mingi, nayo yameandika vema. Sasa itazamwe sentensi kama hii: "Mpira wenye mashimo 392 uliingia katika shimo la 9 kwa mapigo matatu." Msomaji atacheka kwanza, kisha atauliza ni mpira gani huo usiokuwa na kitu ila mashimo. Wapo watakaosema kwamba kiambishi cha udogo kinatosha kutenga kishimo na shimo. Katika kamusi labda kinatosha, lakini katika kanuni za mchezo hakitoshi, kwa kuwa kanuni hizo zina vifungu vinavyohusu mashimo yaliyochimbwa na wanyama uwanjani, na mengi ya hayo ni madogo. Mfasiri akisha kuliweka neno kishimo juu ya mpira, hatakuwa na neno la kuweka juu ya kazi ya panya.

Ubaya wa pili ni wa maana yenyewe. Shimo huchimbwa, na anayesikia shimo hufikiria kina. Alama ya mpira wa gofu haina kina cha kusemwa: ni kama robo moja ya milimita, yaani unene wa karatasi mbili au tatu zilizopangwa pamoja, ilhali upana wake ni milimita tatu au nne. Ni kitu kipana kilicholala, kama kisahani. Neno lolote litakalomfanya mwanafunzi aone kisima kidogo limekwisha kumdanganya.

Kitundu ni kibaya zaidi, japokuwa kinasikika vizuri. Tundu hupenya. Tunasema tundu la sindano, tundu la pua, tundu la ufunguo. Na mvaaji wa kofia ya viua anajua kwamba vile vitundu vilivyozungushiwa uzi hupitisha hewa kichwani. Mwanafunzi akisoma kwamba mpira una vitundu ataamini kwamba hewa huingia ndani ya mpira, au hupita upande huu ikatokea upande wa pili, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya mpira kwenda mbali. Ukweli ni kinyume chake kabisa. Ipo mipira ya mazoezi ya plastiki iliyotobolewa matundu hasa, yanayopenya, nayo hutengenezwa hivyo makusudi ili isifike mbali, mchezaji apate kujizoeza hata uani kwake. Basi neno kitundu halikukosea kwa kiasi kidogo tu. Limetaja kitu kingine kinachofanya kazi iliyo kinyume.

Kuhusu kidimbwi hatuna mengi. Neno la Kiingereza litumikalo kwa alama hizi ndilo lile lile litumikalo kwa kile kibonyo kionekanacho shavuni mwa mtu anapocheka, na wapo waandishi ambao hukiita hicho kidimbwi. Katika ushairi sawa. Lakini dimbwi ni maji yaliyotuama, na viwanja vya gofu vina madimbwi ya kweli ambayo mipira hutumbukia ndani yake. Madoa nayo ni rangi tu, tuyaache.

Limebaki neno kibonyo, ambalo wengine hulisema kibonyeo. Asili yake ni kitenzi bonyea, yaani kuingia ndani kwa kusukumwa bila ya kutoboka. Sufuria iliyoanguka ina kibonyo. Embe bivu likishikwa kwa nguvu huwa na kibonyo. Shavu lina kibonyo. Katika mifano yote hiyo uso wa kitu umeendelea kuwa mzima, haukukatika wala haukupasuka. Umeshuka tu mahali pamoja kisha ukapanda tena. Hivyo ndivyo ulivyo uso wa mpira wa gofu, na twapendekeza neno hilo lishikwe na kila mwandishi.

Ipo hoja moja dhidi ya kibonyo ambayo yafaa ijibiwe kwa heshima. Wasemao husema kwamba kibonyo ni kasoro: kitu kilichobonyea ni kitu kilichoharibika, na haifai sehemu muhimu ya chombo cha kitaalamu ipewe jina la kasoro. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama historia ya mpira wenyewe isingekuwa inaipinga. Tangu mwaka 1848 wachezaji wa Uskoti walianza kutumia mipira iliyofinyangwa kwa gutapacha, yaani utomvu mgumu wa mti wa nchi za Malaya, badala ya ile ya ngozi iliyoshindiliwa manyoya. Mipira hiyo mipya ilikuwa laini, tena ilikuwa rahisi. Ila ilipopigwa ikiwa mipya iliyumba na kuanguka mapema. Wachezaji wakaona jambo la ajabu: mpira mkuukuu, uliokwisha kugongwagongwa na kujaa makovu, uliruka vizuri kuliko mpya. Mafundi wakaanza kuitia makovu kwa nyundo kabla ya kuiuza. Kwa hiyo kasoro ndiyo mama wa uvumbuzi huu, na lugha inayoiita alama hiyo kibonyo inaihifadhi historia hiyo bila ya kujua.

Baadaye mafundi waliacha nyundo wakatumia kalibu, na mipira mingi ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 ilitoka na vinundu vidogo vilivyojitokeza nje, mfano wa ngozi yenye vipele. Coburn Haskell wa Marekani alipoleta mpira wa nyuzi za raba zilizozungushwa, mwaka 1898, nao ulivishwa vinundu vya namna hiyo. Aliyeupindua uso huo ni William Taylor wa mji wa Leicester, Uingereza, mtu wa kiwanda cha lenzi na ala za vipimo, ambaye mwaka 1905 aliomba hataza ya mpira wenye alama zilizoingia ndani badala ya kutokeza: za mviringo, zisizo na kina kirefu, zilizotawanywa kwa usawa. Uvumbuzi wote wa Taylor uko katika tofauti ya kinundu na kibonyo. Na fundi wa kalibu atafurahi kuona kwamba maneno haya mawili humtosha pia katika kazi yake, maana kalibu ndiyo yenye vinundu, na mpira unaotoka humo ndio wenye vibonyo.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo istilahi za walimu zinapotetereka. Mchezaji hodari hupiga mpira ukaondoka kwa mwendo wa mita 70 hivi kwa sekunde. Hewa iliyo karibu kabisa na uso wa mpira hushikamana nao ikafanya utando mwembamba. Ikiwa mpira ni laini, utando huo huteleza kwa utulivu, lakini hupoteza mwendo upesi, na unapokaribia kiuno cha mpira hubanduka. Nyuma ya mpira hubaki mkia mpana wa hewa iliyovurugika, na kanieneo ndani ya mkia huo ni ndogo kuliko ile ya mbele; ndiyo maana mpira huwa kama unaovutwa nyuma. Vibonyo huuvuruga utando mapema. Hewa yenye mwendo iliyo nje huchanganyika na ile iliyochoka ya ndani, utando ukapata nguvu mpya, ukaendelea kuushika mpira hadi mbali upande wa nyuma kabla ya kubanduka. Mkia unakuwa mwembamba, na ukinzani wa hewa hupungua hata karibu nusu.

Jambo hili lilionyeshwa kwa namna iliyo wazi sana mwaka 1914 na Ludwig Prandtl wa Göttingen, Ujerumani. Hakutumia mpira wa gofu. Alichukua tufe laini, akalizungushia pete ya waya mwembamba karibu na upande wa mbele, akalipuliza upepo. Na tufe lenye waya likapata ukinzani mdogo kuliko lile lisilo na kitu. Mwalimu asiye na mpira wa gofu darasani aweza kueleza yote kwa waya huo.

Katika maelezo hayo tumetumia neno utando pale ambapo baadhi ya tafsiri huandika tabaka la mpaka. Tumefanya hivyo makusudi. Mpaka ni mahali kitu kimoja kinapokoma na kingine kuanza, na mwanafunzi akisoma tabaka la mpaka hudhani kwamba hewa inakoma hapo. Haikomi. Utando hutanda juu ya kitu na kushikamana nacho, kama utando wa maziwa yaliyopoa. Nao waweza kubanduka, kitenzi ambacho mpaka hauwezi kukibeba hata kidogo. Vivyo hivyo neno msukosuko, ambalo ndilo tafsiri ya kawaida ya mwendo wa hewa usio na utulivu, lina sura ya balaa katika masikio yetu: abiria wa ndege huuogopa msukosuko. Hatusemi liachwe. Twasema tu kwamba mwalimu hana budi kulitamka waziwazi lile linaloonekana kama fumbo, kwamba hapa msukosuko mdogo juu ya uso ndio unaouzuia msukosuko mkubwa wa nyuma.

Kosa jingine linalostahili kukemewa ni kusema kwamba vibonyo huufanya mpira uelee. Kuelea ni kwa maji, au kwa puto. Mpira wa gofu ni mzito kuliko hewa, wala hauelei hata nukta moja, huinuliwa. Profesa Peter Guthrie Tait wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambaye mwanawe Freddie alikuwa bingwa wa gofu ya ridhaa ya Uingereza mwaka 1896 na 1898, alieleza katika miaka ya 1890 kwamba mpira unaokwenda mbali ni ule unaozunguka kinyumenyume wakati wa safari yake. Mzunguko huo huipinda hewa ielekee chini, na hewa nayo huusukuma mpira juu. Vibonyo huisaidia kani hiyo ya kuinua, kwa maana huushika vizuri zaidi utando unaozungushwa. Kwa hiyo kuna kani mbili, ya kuinua na ya kukinza, na kibonyo hufanya kazi katika zote mbili. Atakayeziunganisha katika neno moja la kuelea amezifuta zote.

Tukitoka kwenye kibonyo kimoja tukafika kwenye mamia ya vibonyo, tunakutana na neno la pili lenye taabu. Namna vibonyo vinavyowekwa juu ya mpira huitwa na waandishi wetu nakshi, au urembo, au pambo. Yote matatu ni maneno mazuri, na yote matatu hayafai. Nakshi ya mlango wa Zanzibar ikiondolewa, mlango utaendelea kufunga na kufungua. Vibonyo vikiondolewa, mpira hautafika nusu ya mwendo wake. Neno linalofaa ni mpangilio. Na pale ambapo kipande kimoja hurudiwarudiwa hata kikaujaza uso mzima, kipande hicho chaweza kuitwa ruwaza, neno ambalo wanaisimu na wanahisabati wamekwisha kulizoea.

Mpangilio huu si kazi rahisi, na fundi wa ukili atalielewa jambo hilo upesi kuliko wengi wetu. Anayeshona mkeka huweza kuirudia ruwaza yake mpaka atakapochoka, kwa sababu mkeka umelala. Anayesuka kawa hawezi, maana duara linazidi kupungua kadiri anavyokaribia kilele, na ruwaza haina budi kubadilika njiani. Tufe ni gumu kuliko kawa. Hakuna namna yoyote ya kulifunika tufe kwa maumbo ya pembe sita matupu. Hisabati inalikataa jambo hilo. Kila mtu ameiona kanuni hii bila ya kuijua katika mpira wa miguu wa vipande vyeusi na vyeupe uliochezewa Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970: vipande 20 vya pembe sita, na vipande 12 vya pembe tano, ambavyo bila yake mpira usingefumbika.

Wabunifu wa mpira wa gofu hukabiliana na ugumu huo kwa kuligawa tufe kwanza. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 ulitumika mpangilio uliojulikana kwa jina la Atti, wa vibonyo 336, uliojengwa juu ya umbo la nyuso nane za pembetatu. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1970, likaja umbo la nyuso 20, ambalo hulikaribia tufe zaidi. Pamoja na hayo upo mshono, pale nusu mbili za kalibu zinapokutana. Vibonyo visipoufikia mshono huo, mpira hubaki na mshipi mtupu kiunoni, na mshipi huo hubadili mwenendo wake hewani. Hivyo idadi ya vibonyo, ambayo wauzaji huitangaza kama bei ya dhahabu, si kipimo cha ubora. Mpira wa Titleist uitwao Pro V1 ulitoka mwaka 2000 ukiwa na vibonyo 392, na toleo lake la mwaka 2021 lina 388. Mfasiri wa tangazo asiongeze "zaidi" pale ambapo hesabu imepungua.

Sasa tuje kwenye ile kesi. Katika miaka ya 1970 Wamarekani wawili, Fred Holmstrom aliyekuwa mwanafizikia na Daniel Nepela aliyekuwa mkemia, walibuni mpira ulioitwa Polara. Vibonyo vyake havikuwa vya namna moja mahali pote: vilivyokuwa katika mshipi wa katikati vilikuwa na kina cha kawaida, na vya sehemu za ncha mbili vilikuwa hafifu. Mpira ukiwekwa chini kwa kuelekeza mshipi huo kule unakopigwa, ulijirekebisha wenyewe hewani, na pigo la mchezaji dhaifu halikupinda sana kushoto wala kulia. Chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilikataa kuuidhinisha, kisha kikatunga kanuni kwamba mpira usibuniwe wala kutengenezwa uwe na tabia zilizo tofauti na za tufe lenye ulinganifu pande zote. Wenye Polara walikwenda mahakamani. Shauri lilimalizwa kwa mapatano katika miaka ya 1980. Chama kikalipa zaidi ya dola milioni moja, na mpira ukaondolewa sokoni.

Neno ambalo kesi hii imelitegemea ni ulinganifu, na hapa ndipo tafsiri nyingi zingeanguka, kwa kuwa mwandishi wa haraka angeandika usawa. "Kanuni inataka vibonyo viwe sawa." Sentensi hiyo ni ya uongo. Mipira mingi iliyo halali leo ina vibonyo vya ukubwa mbalimbali, vidogo vikijaza nafasi ambazo vikubwa vimeziacha. Havilingani kwa kipimo, wala kanuni haivikatazi. Inachotaka kanuni ni kwamba mpira ukigeuzwa upande wowote uruke vile vile. Huo ni ulinganifu, nao waweza kuwapo bila ya usawa. Tena neno usawa lina maana ya haki, na msomaji angedhani Polara ilikataliwa kwa kuwa haikuwatendea wachezaji haki, hoja ambayo wengine waliisema kweli, lakini siyo iliyoandikwa katika kanuni. Mfasiri aliyechanganya maneno haya mawili atakuwa ameipiga marufuku nusu ya mipira iliyopo madukani.

Yamebaki mambo mawili ambayo hatukuyapatia neno la kuridhisha. La kwanza ni ile mipira ya Callaway ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliyoacha vibonyo vya mviringo ikatumia mtandao wa pembe sita na pembe tano uliotengwa kwa kingo nyembamba zilizoinuka. Kuziita kingo hizo vinundu ni kosa, maana zimeungana. Mkulima angeziita matuta, nasi hatuoni sababu ya kumkatalia, ingawa nafasi zilizo baina ya matuta hayo bado zinasubiri jina. La pili ni ile sehemu ya uso isiyobonyea, iliyo baina ya kibonyo na kibonyo. Tumependekezewa uwanda, tumependekezewa ukuta, na hata barabara. Uwanda ungefaa kama kiwanja cha gofu chenyewe kisingekuwa uwanda. Kwa sasa mfasiri aandike uso ulio kati ya vibonyo. Ni maneno matano mahali pa moja, lakini hakuna atakayeyasoma akaelewa kitu kingine.